Salamu za Ukurasa wa Nne

Sehemu ya tisa

Mlioshika roho mkononi tangu Jumapili iliyopita, ishusheni. Kitasa kilizunguka, mlango wa ofisi ukafunguka, na aliyeingia hakuwa bosi.

Alikuwa Protus, dereva wa lori.

Hezron alikuwa amesimama mbele ya mashine ya fotokopi, ameikinga kwa mgongo utadhani mgongo wake ni ukuta. Kwa wewe unayeanza kusoma leo, huyu Hezron ni mlinzi wa lango katika ghala la maboksi huko Al-Sulay, Riyadh. Kabla ya kuja Saudia alikuwa mwalimu wa historia kule Nyamira. Mashine haikuwa yake, na karatasi hazikuwa zake. Kilichokuwa chake ni gazeti lililokuwa likitoka humo, na kwa gazeti lile bosi angemkabidhi kwa polisi wino ukiwa bado mbichi.

"Umenitoa jasho," Hezron akasema. "Kwani hujui kubisha?"

"Bosi ako msikitini, mwalimu. Tulia."

"Na huo weupe nao?"

Protus alijipangusa kifua, na unga ukaanguka sakafuni. Lori lake hupeleka maboksi Jeddah na kurudi Riyadh na unga wa mahindi kutoka bandarini. "Hizi pakiti zao hupasuka hata ukizitazama tu. Gundi ni mbovu kabisa. Kila safari lazima moja inimwagikie."

"Umeniletea?"

"Nimekuletea."

Akatoa ndani ya shati nakala moja ya Mwenzetu, toleo la kwanza, imekunjwakunjwa na kuchafuka mafuta ya kupikia.

Msomaji, gazeti lenyewe lilikuwa hivi. Ni karatasi moja pana iliyokunjwa katikati ikawa kurasa nne. Wasichana wa kazi hawangeweza kulinunua dukani, maana wengi wao hawatoki nje, na simu zao madam alishazifungia kabatini. Lakini unga wa ugali waliletewa. Hakuna madam anayepekua pakiti ya unga. Basi Hezron aliandika, Protus akatia gazeti ndani ya pakiti, na pakiti ikaingia jikoni kupitia mlango wa nyuma. Msichana akishasoma, hulirudisha ndani ya pakiti tupu, nalo likaenda kwa mwingine.

Hezron alifungua ukurasa wa nne. Ulikuwa umejaa maandishi kutoka juu hadi chini.

"Wameandika," akasema. "Protus, wameandika."

Ukurasa ule aliuacha mtupu kwa makusudi. Alipokuwa akifundisha, alipenda kuwasimulia wanafunzi juu ya gazeti la kwanza la walowezi wa Boston, kule Marekani ya wakoloni, mwaka 1690. Mhariri wake alichapisha kurasa tatu na kuacha ya nne bila neno, ili kila msomaji aongeze habari zake kabla ya kumpitishia jirani. Gavana na baraza lake wakalipiga marufuku baada ya toleo hilo hilo moja, kwa kuwa halikuwa na kibali. Mwalimu wetu akachukua ule ukurasa mtupu, na habari ya marufuku akaiacha darasani. Ndivyo walivyo watu wenye vichwa vya vitabu.

Akaanza kusoma kwa sauti.

"'Mimi Peris, nikiwa hapa Shumaisi, nyumba ya geti la kijani nyuma ya duka la mazulia, nawasalimu Rispah kokote aliko, na Mirriam wa Kitale, na wote wanaonijua. Niko hai.'"

Akacheka. Wa pili alikuwa ameandika vivyo hivyo, na wa tatu. Jina, nyumba, mtaa, kisha salamu. Kwani wangeandika vipi tena? Watu wetu wamelelewa na salamu za redio. Mtu hujaza kadi, akataja jina lake na mahali alipo, akawataja anaowasalimu, na siku mtangazaji anapoisoma, kijiji kizima humpongeza. Ukimpa Mkenya karatasi tupu na kumwambia aandike habari zake, ataanza na jina lake na mahali alipo.

Hezron alishuka hadi mstari wa mwisho, na hapo kicheko kikamkauka mdomoni.

"'Mimi Serah, nikiwa hapa Jeddah, Mahjar, ghorofa iliyo juu ya fundi wa matairi. Namsalimu kaka yangu Hezron na mama yetu. Nilitoroka. Niko salama.'"

Serah ni dada yake, wa kumfuata. Alikuwa akifanya kazi hapa Riyadh kwa madam mmoja aliyemwekea pasi ya moto mkononi kwa sababu ya kola ya shati. Usiku wa pasi ile Serah aliruka ukuta, na tangu hapo hakuna aliyemsikia. Mama yao alikuwa ameacha hata kumuulizia kwenye simu. Hezron alianzisha gazeti kwa ajili ya wote, hivyo ndivyo alivyowaambia watu, lakini mimi na wewe tunajua alilianzisha kwa ajili ya mmoja.

Mwalimu akaketi juu ya boksi akalia. Protus alimwacha alie kidogo.

"Mwalimu. Soma tena kutoka juu."

"Nimesoma."

"Huyo Peris amechukuliwa. Nilipeleka unga juzi, nikaambiwa hayuko. Huyo wa pili pia hayuko. Wa tatu amechukuliwa jana mchana, wakati madam amelala."

"Amechukuliwa na nani?"

"Kuna mama mmoja wa kwetu. Anabisha mlango wa nyuma, anamwita msichana kwa jina. Anamwambia, 'Nimetumwa na Mwenzetu, nimekuja kukusaidia.' Msichana anatoka na slipa zake, anaingia kwa gari nyeupe. Harudi tena."

"Anawapeleka wapi?"

"Anawakodisha. Nyumba hii mwezi huu, nyumba ile mwezi ujao, na mshahara unaenda kwake. Ukikataa, anakurudisha kwa kafili wako, mwajiri mwenye viza yako, na huyo ameshakutangaza mtoro." Protus akaweka kidole chenye unga juu ya karatasi. "Anafuata huu ukurasa, mwalimu. Anashuka nao tu. Dada yako ndiye wa mwisho."

Hezron aliutazama ule ukurasa alioufurahia sasa hivi. Aliwafundisha watoto wa watu historia miaka yote ile, na hakuwahi kujiuliza kama gavana naye alikuwa msomaji.

"Lori liko tayari?"

"Liko tayari. Ukitoka hapa leo lakini, kazi halas. Bosi hatakupokea tena."

"Twende."

Barabara ya Riyadh hadi Jeddah nitairuka, maana ni jangwa tu, na hakuna anayelipia gazeti asome habari za mchanga. Jueni tu kwamba bosi alipiga simu walipokuwa hawajaliacha jiji. "Hezron, wen inta? Yalla, yalla," alisema, akitaka kujua yuko wapi, na Hezron akaizima simu. Jueni pia kwamba Protus, ambaye huimba njia nzima, siku ile hakuimba.

Walifika Mahjar kesho yake, jua likiwa bado kali. Fundi wa matairi alikuwepo, na ngazi ilikuwepo kando yake, nyembamba na yenye harufu ya mpira ulioungua.

"Panda wewe," Protus akasema. "Mimi nitalinda lori."

Hezron alipanda mbio. Akabisha. Akabisha tena kwa ngumi.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke wa makamo, mnene, mwenye uso wa upole na kitenge kiunoni, yule mama ambaye kanisani angekushikia mtoto ibada nzima.

"Karibu, mwalimu," akasema. "Viatu acha tu hapo."

"Serah yuko wapi?"

"Ako jikoni, anapika chai. Serah, mami, kuja uone mgeni."

Na Serah akatokea, birika mkononi. Alikuwa amekonda, na kovu la pasi lilikuwa limeng'aa kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono, lakini alikuwa ni yeye. Hezron alimkumbatia hadi birika likapiga ukutani. Akamshukuru Mungu, akamshukuru yule mama, akamshika mkono na kuutikisa.

"Nimekuja kumtoa," akamwambia. "Kuna mtu anawatafuta wasichana walioandika kwenye gazeti. Lazima tutoke sasa hivi."

"Wacha haraka, kunywa chai kwanza. Mimi naitwa Rosebellah. Hawa wasichana huniita Auntie."

"Auntie, huyo mama ana gari nyeupe..."

"Ndiyo, gari yangu ni nyeupe." Rosebellah alimimina chai bila kumwaga tone. "Nyeusi inashika joto sana hapa Jeddah."

Hezron alimtazama Serah, na Serah alikuwa akitazama sakafu.

Mlango ukafunguka tena. Protus aliingia bila kubisha, akavua viatu akaviweka pembeni, akafungua kabati la ukutani na kuchukua kikombe cha bluu bila kuonyeshwa kilipo. Kikombe kilikuwa chake.

"Protus."

"Mwalimu, mimi niko na watoto."

"Hata Peris ni mtoto wa mtu."

"Wangu ndio najua majina," Protus akasema, akajimiminia chai.

Basi, nyinyi mliokuwa mkimsifu Protus wiki zote hizi kwa uaminifu wake, mko wapi leo? Aliyekuwa akibeba gazeti nyumba kwa nyumba ndiye peke yake aliyeuona ukurasa wa nne kabla ya mhariri. Hezron aliweza kuchapa atakavyo. Aliyejua ilikoelekea kila nakala alikuwa Protus.

"Sina ubaya na wewe," Rosebellah akaendelea. "Gazeti lako nimelipenda kweli. Nimesema lisife. Hebu ona."

Kwenye kona palikuwa na mashine mpya ya fotokopi, bado ina nailoni pembeni. Juu yake palikuwa na rundo la karatasi. Hezron alichukua moja. MWENZETU, Toleo la Pili. Mhariri: Mwalimu Hezron. Chini yake, kwa herufi nene: LIMETOLEWA KWA IDHINI.

Karibu acheke. Baada ya lile gazeti la Boston kupigwa marufuku, miaka ilipita, kisha likatokea jingine lililodumu, nalo lilibeba maneno hayo hayo kichwani. Mwenye gazeti hilo alikuwa ndiye mkuu wa posta. Hezron aliwafundisha kidato cha pili habari hiyo, na wakaiandika daftarini wakiwa wamechoka.

"Hili nililitoa mimi," Rosebellah akasema. "Protus akalisambaza. Unajua limerudi vipi? Ukurasa wa nne ulirudi mtupu, pakiti zote. Wasichana walijua si wewe. Wewe huanza na mvua ya nyumbani, na nani amezaa, na barabara gani imeharibika. Hayo mimi siyajui. Mimi niliwaambia tu waandike majina."

"Sitaandika."

"Sikiza kwanza. Toleo moja tu. Ukiandika, Serah anapata pasipoti yake, niko nayo hapa, na anapanda ndege. Mama yenu amfungulie mlango kwa mkono wake."

"Na nikikataa?"

"Leo anarudi Riyadh kwa yule madam wake wa pasi. Nimeongea naye vizuri sana. Amesema amemsamehe."

Serah alishika ukingo wa meza.

"Usiandike," akasema. "Kaka, usiandike. Kuna mwenzetu anaitwa Valary. Alimkatalia Auntie, akarudishwa kwa kafili wake. Tuliletewa begi lake tu."

"Serah, mami, nenda jikoni na Peris mkafungue maboksi ya unga," Rosebellah akasema kwa sauti ile ile ya upole. Serah akaenda. Kupitia mlango wa jikoni Hezron alimwona msichana mwingine amechuchumaa mbele ya beseni, na ndipo akajua kwamba Peris wa geti la kijani naye yumo humu.

Nataka nikwambie Hezron alifikiria sana. Hakufikiria. Mtu akiwekewa kovu la dada yake mbele ya macho, hafikirii, na mimi sitamtetea wala kumhukumu. Alivuta kiti akaomba kalamu.

Lakini ujanja wa mwalimu haukuwa umemtoka wote. Aliandika ukurasa wa kwanza, mvua za Nyamira na daraja lililosombwa. Akaandika wa pili, harusi na misiba. Akaandika wa tatu. Kisha akaendelea. Akaandika wa nne pia, habari za shule, bei ya chai ya majani mabichi, kwaya iliyoshinda mashindano, akaujaza hadi ukingoni, pasibaki mahali pa msichana hata mmoja kuandika jina lake.

Rosebellah alisoma polepole huku akinyonya kipande cha ndimu. Alipofika ukurasa wa nne alitabasamu.

"Mwalimu, unawajua watu wetu? Hata ukijaza, wataandika pembeni. Watazunguka na salamu zao hadi kwenye kichwa cha gazeti. Nafasi ndogo itawasumbua tu mkono." Akaichana karatasi ile ya nne taratibu. "Rudia. Acha nyeupe. Na hapa chini ya ukurasa wa tatu andika wewe mwenyewe, kwa ule mtindo wako."

Naye Hezron akaandika, na ninayanukuu kama yalivyokuwa: Mwenzangu, andika jina lako na mahali ulipo, ili nyumbani wajue bado uko hai.

Akamsukumia Rosebellah karatasi.

Mashine ikaanza kazi. Rosebellah alimtaka azikague zote, moja baada ya moja, asije akachomeka kitu. Hezron alikagua. Kila ukurasa wa nne ulikuwa mweupe. Aliyebeba marundo kuyapeleka jikoni alikuwa Protus, na huko Serah na Peris walikuwa wakikunja, kutia ndani ya pakiti, kupaka gundi na kupanga ndani ya maboksi. Mlango wa jikoni ulikuwa nusu wazi, na hakuna aliyekuwa akitazama wanawake wawili wanaotia unga kwenye pakiti. Nani huwatazama?

Maboksi yakashuka ngazi, mengine yakafuata. Rosebellah alikuwa ameshatoa pasipoti ya Serah na kuiweka mezani kando ya sukari, na Hezron hakuiondolea macho.

"Serah amebakisha boksi moja tu," Hezron akasema. "Akimaliza tunaenda uwanja wa ndege. Nitampeleka mimi."

"Protus atampeleka," Rosebellah akajibu.

Ndipo wakamsikia Protus akipanda ngazi kwa kishindo. Alikuwa mweupe kutoka nyusi hadi magotini.

"Pakiti moja imepasuka mkononi," akasema. "Mama, hii ina maandishi tayari."

Alikuwa ameshika gazeti lililokunjuka. Rosebellah alilipokea, akalikung'uta unga, akaligeuza upande wa nyuma. Alisoma kwa sauti, bila haraka, alivyokuwa akisoma kila kitu.

"'Mimi Serah, nikiwa hapa Mahjar, juu ya fundi wa matairi, kwa Rosebellah mwenye gari nyeupe, nawasalimu nyote. Msiandike majina yenu. Aliyeandika gazeti hili ni kaka yangu na amelazimishwa. Msifungue mlango wa nyuma.'"

Jikoni karatasi ziliacha kuchakarika.

Msomaji, unaona? Hata onyo la kuwaambia wenzake wasiandike majina, binti wa watu hakuweza kulianza bila jina lake na mahali alipo. Salamu haianzi vingine. Angeliacha bila jina, leo Rosebellah angekuwa na watu wa kushuku. Sasa hakuwa na haja ya kumuuliza mtu yeyote.

"Serah," akaita.

Serah alitoka, mikono yake imejaa unga hadi viwikoni.

"Ni hii moja?"

"Ni hiyo moja. Nilipata nafasi mara moja tu."

"Mwalimu, wewe ulizikagua."

Hezron aliangalia nyuma ya bega la dada yake. Peris alikuwa bado amechuchumaa jikoni. Alikuwa amenyanyua mikono kutoka kwenye beseni ili ajifute jasho, na vidole vyake vya kulia vilikuwa na wino wa bluu. Alipoona anatazamwa akaizamisha mikono haraka ndani ya unga. Hezron alirudisha macho kwa Serah. Chini ya unga, vidole vyake navyo vilikuwa vya bluu.

"Nilizikagua zote," Hezron akasema. "Ukurasa wa nne ulikuwa mweupe kila moja. Kama ameandika hiyo, ameandika hiyo tu."

Rosebellah alilikunja gazeti lile. Kisha akachukua pasipoti iliyokuwa kando ya sukari, akamkabidhi Protus.

"Mpeleke Riyadh. Mpe yule madam hii mkononi, na umwambie Auntie ameomba radhi."

"Ulisema ndege," Hezron akasema.

"Nilisema."

"Nimeandika. Nimefanya ulichotaka, nimeandika kila neno." Sasa sauti yake ilikuwa imepanda, akamshika Rosebellah mkono, akapiga magoti mwalimu mzima na nywele zake za mvi. "Nichukue mimi. Nitaandika toleo kila wiki. Mwache aende."

"Utaandika kila wiki, ndiyo," Rosebellah akasema, akiutoa mkono wake. "Maana wiki utakayokataa, nitampigia simu madam awashe pasi. Serah, mami, vaa abaya."

Serah alivaa. Hakulia, wala hakubishana. Alipopita mbele ya kaka yake aliinama amsaidie kuinuka, akasogeza mdomo kwenye sikio lake.

"Tumeandika zote, mimi na Peris," akanong'ona. "Usiniokoe, kaka. Zifike tu."

Kisha akashuka ngazi, na Protus nyuma yake.

Hezron alikimbilia dirishani. Chini, Serah alipanda akaketi mbele, kando ya dereva. Nyuma yake, chini ya turubai, zilikuwa zimepangwa pakiti za unga za jikoni zote za Riyadh, na ndani ya kila pakiti jina lake. Zikifika kabla ya Protus kujua, wasichana wataokoka. Zisipofika, Rosebellah atajua ameongopewa mara ngapi, na madam tayari ana pasipoti na pasi.

Rosebellah naye alikuja dirishani, akasimama karibu na Hezron, akinyonya ndimu yake.

"Usijali," akasema. "Protus ni mwangalifu."

Lori liliunguruma, likaacha fundi wa matairi, likashika njia kuu. Hezron alilifuata kwa macho, akimwomba Mungu wa Nyamira, wa Jeddah, yeyote aliyekuwa karibu.

Chini ya turubai, upande wa nyuma, mstari mwembamba mweupe ulianza kumwagika barabarani.

Lori lilienda kidogo. Kisha taa zake za breki zikawaka.